Pilingi, sindano au leza? Uso wenye madoa na mashimo uupeleke wapi

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Mwanza analia, kliniki moja imempa bei ya leza na ameshaanza kuulizia mkopo kwenye kikoba chao, nikamwambia kabla hujakopa toka nje mchana, usipake kitu chochote, piga picha bila filta unitumie. Akatuma. Uso wake hauna shimo hata moja jamani. Ana madoa tu, yale meusi yanayobaki chunusi zikishaondoka, mengi kweli, ila ngozi yenyewe iko laini tambarare. Yaani alikuwa anaenda kukopa hela anunue moto wa leza wa kutibu kitu ambacho moto huohuo unaweza kukizidisha.

Tuliongea karibu saa nzima, na nilipokata simu nikasema haya naandika, maana wengi tunakwama hapohapo, tunaulizana "ipi nzuri" wakati hatujajua tunachotibu.

Kwa hiyo anza hapa. Usiku zima taa, washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa shavu sio mbele, ujitazame kwenye kioo. Ukiona vivuli vidogovidogo, hayo ni mashimo, ngozi imepoteza nyama ndani. Usipoona kivuli ila mchana kuna weusi, hayo ni madoa, shida ni rangi na sio umbo. Wapo wenye vyote viwili (mi nilikuwa huko) na hao wanahitaji mpango wa hatua, sio kitu kimoja cha siku moja.

Kingine kabla sijasahau. Pilingi kwa Kiswahili ni kuchubua ngozi, ila huku kwetu ukisema "kuchubua" watu wanaelewa kujichubua, kutafuta weupe. Hivi vitu vitatu, pilingi, sindano na leza, havikusudiwi kukupa weupe, vinaondoa au kuamsha ngozi ili ikue upya, na ikikua vizuri inarudi kwenye rangi yako ileile uliyozaliwa nayo. Anayekuahidi "utakuwa mweupe kidogo" anakuuzia kitu kingine, ondoka.

Ninavyopima

Nimeweka vigezo vitano na kila njia nitaipitisha humohumo: inatibu nini hasa, ngozi yetu nyeusi inaipokeaje, siku ngapi hutaki kuonekana na watu, hela yote mpaka mwisho (sio ya raundi moja), na mkono wa nani unakugusa.

Hicho cha pili ndo kinachonikosesha usingizi, acha nikieleze vizuri. Madaktari wana mizani ya rangi za ngozi kuanzia namba 1 mpaka 6, ilianzishwa 1975 na daktari Thomas Fitzpatrick kwa ajili ya kujua ngozi inaungua vipi kwa jua, na wengi wetu tuko 5 na 6, wengine wa mwambao waliochanganya damu wako 4. Idadi ya seli zinazotengeneza rangi haitofautiani sana kati ya mweusi na mzungu, tofauti ni kwamba zetu zinafanya kazi sana na ni nyepesi kushtuka. Ukiichokoza ngozi yetu, kwa kuibinya, kuichoma, kuiunguza, kuisugua na dodoki, inajibu kwa kumwaga rangi, ndo maana hata kuumwa na mbu kunaacha alama miezi. Sasa pilingi, sindano na leza zote ni uchokozi wa makusudi. Swali ni kiasi gani, na kama huo uchokozi una joto au hauna. Na doa la kuchokozwa halitokei siku hiyo, linaweza kuja wiki ya pili mpaka ya nne, wakati umeshatuma picha za kushukuru.

Kabla hujachagua yoyote

Kama unatumia mkorogo acha kwanza, na mwambie dokta ukweli wote hata kama unaona aibu. Krimu nyingi za kujichubua zimekutwa na steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya, na steroidi zinaifanya ngozi iwe nyembamba, asidi ambayo kwa mwingine ingewasha tu kwako inaingia kama imepewa ufunguo. Usiziache ghafla bila msaada pia, uso unaweza kulipuka. Pata dokta akushushe taratibu.

Chunusi mbichi zitulizwe kwanza, kutibu makovu wakati mapya yanatengenezwa ni kudeki huku bomba linavuja. Kama wewe au ndugu zako mna kiloidi, zile nyama zinazoota juu ya kidonda, mfano ulitoboa sikio likavimba kama kunde, sema. Kama huwa unatokwa na malengelenge mdomoni ukipata homa, sema, maana yanaweza kusambaa uso mzima baada ya leza au pilingi ya kina, na dokta anakupa vidonge vya asikloviri mapema. Kama unakunywa isotretinoini, vile vidonge vya chunusi kali, au ulimaliza miezi michache iliyopita, sema pia. Mjamzito na anayenyonyesha mimi naona asubiri tu, uso hauendi popote.

Pilingi ya kemikali

Inatibu nini: rangi. Asidi inapakwa, inalegeza gundi inayoshika seli zilizokufa juu, zinabanduka na madoa ya juujuu yanaondoka nazo. Kuna ya glikoliki ambayo asili yake ni muwa, laktiki ile ya maziwa yaliyoganda, na salisiliki, ndugu yake aspirini, ambayo inapenda mafuta hivyo inaingia mpaka kwenye vitundu vya chunusi. Kwa mwenye uso wa mafuta, chunusi zinazoibuka mara kwa mara na madoa, salisiliki ya asilimia 20 mpaka 30 inamfaa sana. Glikoliki lazima izimwe kwa wakati, kwa maji au bikaboneti, ikiachwa inaendelea kula, kwa hiyo anayeipaka anatakiwa awe na saa mkononi na macho usoni kwako. Salisiliki inajikaukia yenyewe, inaacha unga mweupe. Mashimo? Hapana, pilingi nyepesi haijazi shimo, mtu asikudanganye. Kuna ufundi mmoja tu wa kudondoshea asidi ya TCA kali sana ndani ya shimo moja moja kwa kijiti kilichochongoka, kwa vile vishimo vyembamba vya kama sindano ya kushonea, na huo ni wa dokta mzoefu peke yake.

Ngozi yetu: ikiwa nyepesi inaipokea vizuri. Ikiwa ya kati, TCA asilimia 35 kwenda juu, hatari inapanda haraka. Ya kina ya fenoli sisi sio yetu kabisa, inaweza kuondoa rangi moja kwa moja na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndo maana hata wazungu wanaofanyiwa wanawekwa kwenye mashine ya kuangalia moyo.

Siku za kujificha: ya salisiliki au glikoliki nyepesi unabanduka kidogo siku 2 mpaka 5, kama baada ya kuungua na jua, unaweza kwenda kazini. Usibandue na kucha! Hapo ndo madoa mapya yanazaliwa.

Hela: raundi moja ni ya chini kuliko zote tatu, lakini unahitaji kama 4 mpaka 6, wiki 2 mpaka 4 kati yake.

Mkono: hapa nina kidonda changu. Kabla sijajua chochote nilipakwa "pilingi" kwenye saluni moja, chupa haina lebo, dada anapaka huku anaongea na simu, nikasema inachoma akaniambia vumilia ndo inafanya kazi. Nilitoka na mashavu yamebadilika rangi kama maganda ya viazi, miezi saba kuisha. Sikumchukia yule dada, hakufundishwa. Lakini tangu siku hiyo nauliza: ni asidi gani, asilimia ngapi, unaizima na nini, na ikichoma sana unafanyaje. Asiyejua majibu hayo manne asikuguse. Na zile chupa za asilimia 70 na kuendelea zinazouzwa mitandaoni ujipake nyumbani, nakuomba kama dada, usinunue.

Haimfai mwenye mzio wa aspirini (hiyo salisiliki), wala mtu wa kushinda juani bila kofia.

Sindano ndogondogo, maikronidlingi

Inatibu nini: umbo. Kalamu yenye sindano nyembamba nyingi inatoboa ngozi maelfu ya vitundu, mwili unashtuka unatengeneza kolajeni mpya, ile protini inayojenga ngozi, na shimo linanyanyuka taratibu kutoka chini. Mmoja wa walioiendeleza ni Des Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town, miaka ya 1990, kwa hiyo ni kitu ambacho kimekulia Afrika pia. Kwa makovu ya chunusi sindano inaingia kama milimita 1.5 mpaka 2. Inafanya kazi vizuri kwenye mashimo mapana yenye kingo laini, yale ukivuta ngozi yanapotea. Vitobo vyembamba vya kina haiviwezi sana. Na shimo ambalo limeshikwa chini na nyuzi kama godoro lililoshonwa kifungo linahitaji kukatwa nyuzi kwanza, dokta anaingiza sindano chini anazikata, ndo uanze. Madoa inasaidia kidogo, sio kazi yake.

Ngozi yetu: haina joto na haitafuti rangi, sindano haijui wewe ni mweusi au mweupe, ndo maana madaktari wengi wanaiweka mbele kwa ngozi za 5 na 6. Madoa ya kuchokozwa yanaweza kutokea, hasa akikandamiza sana au ukitoka juani kesho yake, ila ni machache kuliko kwenye leza kali. Tofautisha na mashine zinazounganisha sindano na mawimbi ya radio, zile zina joto, ni habari nyingine na zinataka mtu anayejua hasa, zikikosewa zinaunguza mpaka mafuta ya chini ya ngozi.

Siku za kujificha: uso unakuwa mwekundu au mweusi zaidi na umevimba siku 1 mpaka 3. Mi nilifanya Ijumaa jioni, Jumatatu nikaenda ofisini, hakuna aliyeuliza. Makeup usiguse angalau siku nzima ya kwanza.

Hela: katikati. Raundi 3 mpaka 6, wiki 4 mpaka 6 kati yake, na matokeo hayaji mbio, kolajeni inajengwa miezi. Baada ya raundi mbili nilikuwa nataka kulia kwa kutoona kitu, ya nne ndo mume wangu akaniuliza nimebadilisha nini. Mashimo hayakuisha, tuseme yamepungua nusu hivi kwa macho yangu, na kwangu imetosha.

Mkono: hapa suala ni damu. Kichwa cha sindano kifunguliwe kwenye pakiti mbele yako na kitupwe mbele yako. Sio maneno ya kutishana. Huko Albuquerque, Marekani, spa moja ilifungwa 2018 na wachunguzi wakaja kuunganisha VVU vya wateja kadhaa na huduma ya sindano za usoni zinazotumia damu ya mteja, CDC, shirika la afya ya jamii la huko, wakatoa taarifa yake 2024. Kama Marekani imetokea, huku ambako tunafuatwa nyumbani na begi la vifaa tuwe wakali zaidi. Rola zile zenye sindano za kujisukuma usoni mwenyewe mnazoazimana dada na wifi, hapana. Na wasikupake juu ya vitundu vibichi serum ya kawaida ya dukani, imetengenezwa kukaa juu ya ngozi, ikiingia ndani inaweza kuleta vinundu vinavyokaa muda mrefu.

Haimfai mwenye chunusi mbichi, mwenye historia ya kiloidi aongee na dokta kwanza.

Leza

Inatibu nini: umbo, makunyanzi na makovu ya kina, kwa nguvu kuliko hizo mbili. Iko ya kuunguza na isiyounguza. Ya kuunguza, ya CO2 au ebiamu, mwanga wake unamezwa na maji ya kwenye ngozi, yanachemka kufumba na kufumbua na tabaka la juu linaondoka. Zamani ilikuwa inaondoa uso wote kwa pamoja, ila tangu 2004 ulipoelezwa ufundi wa vidoti, leza inatoboa vinguzo vyembamba na kuacha ngozi nzima katikati, na hiyo ngozi nzima ndo inayoponya majirani zake. Isiyounguza inapasha joto chini bila kuvunja juu, matokeo ni madogo kwa kila raundi na kupona ni rahisi. Kwa shavu lililojaa mashimo yenye kingo kali kama yamekatwa na kisu, leza ya vidoti ina uwezo ambao sindano haina, hilo nalikubali bila ubishi.

Ngozi yetu: joto. Sio kwamba leza haifanyiki kwa mtu mweusi, inafanyika na watu wanapona vizuri, ila inataka mtu anayepunguza wingi wa vidoti, maana kwa sisi msongamano wa vidoti unaleta madoa kuliko hata nguvu ya kila kidoti, anayeipa ngozi nafasi ya kupoa, na anayekufanyia jaribio sehemu ndogo pembeni ya taya halafu anasubiri wiki 4 mpaka 6 aone. Ile ya zamani ya kuondoa uso mzima sitamshauri mtu wetu yeyote. Ikienda vibaya kuna madoa meusi ambayo mara nyingi yanafifia kwa miezi, na kuna kupoteza rangi, mabaka meupe, ambayo yanaweza kuja baadaye sana na yasirudi. Mwenye melazma, yale mawingu ya kahawia mashavuni yanayokuja na mimba au vidonge vya uzazi, awe mwangalifu mara mbili kwa sababu joto linaiamsha.

Siku za kujificha: ya kuunguza ya vidoti, siku 5 mpaka 10 za magamba na uvimbe, wekundu wiki kadhaa. Isiyounguza siku 3 mpaka 5. Kwa mtu anayeuza genge au kuendesha bodaboda hizi siku sio ndogo, ni mtaji unakaa ndani.

Hela: juu kuliko zote kwa raundi, ila raundi ni chache, 1 mpaka 3 kwa ya kuunguza, isiyounguza kama 3 mpaka 5. Piga hesabu yote pamoja na dawa za baadae na siku usizofanya kazi. Wakati mwingine sindano raundi sita inakaribia leza mbili.

Mkono: dokta wa ngozi, na sio dokta wa ngozi tu bali aliyeshafanya nyuso nyeusi nyingi. Muulize akuonyeshe picha za watu wa rangi yako, miezi sita baada. Macho yafunikwe na kinga wakati wote. Tanzania jina la daktari unaweza kuliulizia Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya lipo kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari la huko, na madaktari wengi wa ngozi wa ukanda huu wamepitia kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC Moshi kilichoanza 1992, kwa hiyo usiseme hawapo, wapo, ni wachache tu na foleni ni ndefu.

Wewe uko wapi hapo

Una madoa tu, hakuna kivuli cha tochi, na chunusi zimetulia: krimu za dokta miezi mitatu minne kwanza, kama za retinoidi au asidi ya azelaiki, na sanskrini, krimu ya kukinga jua, kila asubuhi, jua la huku karibu na ikweta halina msimu wa huruma. Ikiwezekana iwe yenye rangi ya udongo ndani, oksidi ya chuma, inazuia mpaka mwanga unaoonekana ambao nao unatuletea madoa. Yasipoisha ndo ongeza pilingi nyepesi. Mdogo wangu yuko hapa sasa hivi, na mkopo hakuchukua.

Una mashimo mapana laini na bajeti ya kidunduliza: sindano, raundi moja moja kadri hela inavyopatikana, hakuna hasara ukichelewa wiki mbili.

Mashimo makali na mengi, una hela, una likizo ya wiki mbili na umepata dokta wa leza unayemwamini: leza ya vidoti vichache ina maana kwako. Kama kimoja kati ya hivyo vitatu hakipo, subiri.

Una vyote, madoa na mashimo: wengi wanaanza kutuliza rangi ndo waende kwenye umbo, na sanskrini haikatiki hata siku moja katikati.

Sendoff au harusi imebaki wiki sita: usianzishe leza wala pilingi ya kati, hesabu zile wiki za doa kuchelewa. Singo, liwa na fesho ya kawaida vinatosha kung'aa siku hiyo, haya mengine mkitoka fungate.

Unafanya kazi juani kutwa, shambani, barabarani, sokoni: sindano iko salama zaidi kwako kuliko pilingi na leza, panga iangukie siku unazoweza kukaa kivulini japo tatu, kofia pana sio aibu.

Na kama umesoma mpaka hapa bado huna uamuzi, nenda umwone dokta wa ngozi mara moja tu kwa ajili ya kuongea, uende uso umeoshwa, beba krimu zako zote ndani ya mfuko hata zile zisizo na lebo, azione.